Ngoma Katikati ya Ukuta

Jumamosi, 2 Machi 2019

Watoto kumi na wanne leo kwenye darasa langu la utamaduni. Feni mbili ukumbini, moja imekufa tangu Januari. Sauti yangu imeanza kukwaruza kabla hata ya saa tisa. Goti nalo.

Niliwauliza: sisi ni nani? Halafu Ilango, yule wa miaka tisa, akasema yeye ni Mhindi siku za Jumamosi tu, siku nyingine ni mtu wa kawaida. Wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini nimerudi nalo nyumbani. Shuleni wanaambiwa warudi kwao. Nyumbani wanalaumiwa kwamba wamesahau kwao. Kwao wapi? Babu zao wamezikwa hapahapa mtaani Buntong, mwendo wa dakika kumi kutoka ukumbini.

Wakati wa chai nimegombana na Bi. Visalatchi, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Siku ya wazazi ni tarehe 16. Yeye anataka ngoma za kucheza, sari za kukodi, maua kichwani, picha. Nikamwambia utamaduni si nguo ya kuvaa mara moja kwa mwaka na kurudisha dukani. Akasema, "Tilaga, wewe hata bajia ya vadai ungeigombeza." Nimeshinda. Hakuna sari.

Badala yake, kila mtoto alete karatasi moja. Maswali matano nimeyaandika ubaoni: nani katika ukoo wenu alivuka bahari kuja Malaya? Alitoka kijiji gani? Aliishi mtaa gani wa kijiji hicho? Alifanya kazi gani? Mungu wa ukoo wenu ni yupi, na yuko wapi?

Kayal, mwenye miaka kumi na moja, mtoto anayesikiliza kwa mwili mzima, akauliza kama anaweza kumuuliza bibi yake. Nikamwambia amuulize bibi akiwa anamenya vitunguu, wala asimharakishe.

Jumatatu, 4 Machi

Makala ya gazeti imekwisha. Maneno mia tisa dhidi ya wazazi wanaoandika tabaka la kuzaliwa kwenye kadi za harusi kwa mafumbo. Hii ni mara ya ngapi? Ya thelathini? Wanasoma, wananisifu, wanachapisha kadi zao.

Nikiwa naosha vyombo nikayakumbuka yale maswali matano. La tatu, la nne, la tano. Mtaa, kazi, mungu wa ukoo. Nikasimama na sahani mkononi. Ndiyo haswa wanayouliza washenga! Hakuna anayekuuliza tabaka lako uso kwa uso, si adabu. Wanakuuliza mungu wenu yuko wapi, ndani ya kijiji au nje, halafu wanakunywa chai yao wakiwa wameshajua.

Nifute? Hapana. Mtoto akiuliza si sawa na mshenga kuuliza. Nia ni tofauti.

Hivyo nimejiambia.

Jumamosi, 9 Machi

Karatasi zimekuja. Kumi na nne. Kumi na tatu zinasema babu alikuwa na mashamba ya mpunga. Mmoja kati ya hao babu yake alikuwa na tembo pia. Meli zile zote, kumbe, zilijaa matajiri watupu! Basi nani aligema mpira? Nani alitandika reli hii inayopita nyuma ya nyumba yangu? Nilisoma moja baada ya nyingine na uchovu ukinipanda kama maji. Si watoto waliodanganya. Wamenakili walichoambiwa, na waliowaambia nao waliambiwa.

Yangu pia ilikuwepo, nimeiandika ili kuwapa mfano. Babu, mpunga, visima viwili. Kwetu ni kweli, na nikaongeza kwamba visima vile wengine walikatazwa kuteka. Nilijiona jasiri.

Kisha ya Kayal. Amechora ngoma, duara kubwa, na fimbo mbili. Ameandika: "Babu wa babu yangu aliitwa Sadaiyan. Alipiga ngoma mbele ya maiti. Alikuwa hodari, mtu akifa hata kijiji cha tatu walimwita yeye. Hakuwa na mtaa. Waliishi ng'ambo ya mfereji. Mungu wetu yuko nje ya kijiji, hana paa, anapenda sigara." Akasoma kwa fahari. Bibi yake alimpigia mdundo wenyewe kwa vidole, kwenye sufuria. Ilango akaomba ausikie. Kayal akaupiga juu ya meza. Baada ya dakika tano wote kumi na wanne wanaupiga — na huyo wa tembo ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Niliona. Mtu mzima yeyote wa kwetu angeona. Ngoma ya mazishi, ng'ambo ya mfereji — ni kama kuandika jina la tabaka la chini kabisa kwa rangi nyekundu. Karatasi moja ya kweli kati ya kumi na tano, nikihesabu na yangu ya kujisifu.

Nikachukua pini nne nikaibandika katikati ya ukuta. Nyingine zote pembeni.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Wakati nabandika sikuwa namfikiria Kayal. Nilikuwa nauwaza uso wa Visalatchi.

Jumapili, 10 Machi

Ameiona. Alikuja asubuhi kufagia ukumbi kwa ajili ya sala. Akanipigia simu saa nne.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama Kayal ni mdogo wake Poonguzhali, nesi. Nikasema ndiye. Akanieleza kwa nini anauliza. Kumbe yule kijana wa mji wa Taiping aliyemposa Poongu ni mtoto wa kaka yake Visalatchi! Posa nilijua, mchumba nilijua ni wa Taiping, ukoo sikujua. Jumapili ijayo, tarehe 17, familia mbili zinabadilishana sinia za tambuu. Zikishabadilishwa, neno limefungwa. Bado hazijabadilishwa.

Akasema wao hawabagui. Lakini walipouliza waliambiwa wakulima. Wamefichwa. Na kaka yake ana moyo mbovu.

Nikamwaga yote. Miaka ishirini ya makala, kwa simu, nimesimama jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akasema. "Haya. Sasa mimi nimpigie kaka yangu."

Jumanne, 12 Machi

Bibi Sellamma amekuja. Bibi yake Kayal. Nilimvutia kiti, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nikakaa naye chini, goti likanipa adhabu yake.

Nilingojea matusi. Hayakuja. Alisema mumewe alipofika shamba la mpira hapa Perak, akiwa kijana, aliacha ngoma kwenye mti. Yeye na mumewe wakakubaliana watasema ni wakulima. Mwanawe mwenyewe, baba yake Kayal, hajui mpaka leo — alidhani karatasi ya mtoto ni michezo. Mumewe alikufa bila kumwambia.

Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia Kayal. Akatazama mikono yake.

"Aliniuliza vizuri," akasema. "Miaka sitini, mwanangu, hakuna aliyeniuliza. Nikajisahau."

Nami ndiye niliyempa mtoto hila ya vitunguu.

Ombi lake ni dogo. Nimwambie Visalatchi kwamba mtoto alichanganya mambo. Mpiga ngoma alikuwa jirani, si babu. Nikasema Mama, mimi siwezi — nimeishi kwa kusema hivi vitu hadharani. Akasema ndiyo maana nitaaminiwa. Wote Buntong wanajua Tilagavathi ana mdomo mchafu lakini hasemi uongo.

"Una maneno mengi sana wewe," akasema. "Nipe moja tu."

Nilimpa chai. Aliinywa, akaisuuza bilauri mwenyewe kwenye bomba la nje, akaiacha imepinduliwa ukingoni, kama walivyozoeshwa watu wa ng'ambo ya mfereji. Sikumwambia asifanye hivyo.

Alhamisi, 14 Machi

Poongu amepita baada ya zamu, bado na sare ya hospitali. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu akiwa mwanafunzi wangu, msichana wa misuko miwili. Amekonda usoni.

Mchumba wake anasema yeye hajali. Mama yake kijana anajali. Kijana ni mtoto wa pekee, na bado anakula kwa mama yake. Poongu alilieleza hilo bila hasira, kama anasoma joto la mgonjwa.

Nikaanza: wakiwakataa kwa hili basi hawafai, afadhali umejua mapema, na kadhalika. Akaniacha nifike katikati.

"Anti Tilaga, mimi makala zako nimezisoma zote. Moja niliikata, iko ndani ya kabati langu. Lakini ulichukua karatasi ya mdogo wangu ukapigania nayo vita vyako na watu wako."

Nikasema nayo yangu iko ukutani, pale pale, na visima vyake.

"Yako ilikugharimu nini?"

Nikaanza kupangusa meza iliyo safi. Mimi! Mtu niliyewahi kujibizana na mbunge kwenye safu ya barua kwa wiki sita.

Akaondoka bila kuomba chochote. Afadhali angeomba.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeiandika sentensi kwenye karatasi, nione inavyokaa. Mtoto alichanganya mambo. Mara kumi na moja. Inakaa vizuri. Ni sentensi nzuri, fupi, haina kosa.

Lakini Kayal atakuwepo nikiisema. Nimemfundisha kwa miezi saba kwamba kuna aibu za kupewa, na za kupewa unaweza kuzirudisha. Nikiisema, nimemfundisha kinyume chake.

Nisipoisema, Poongu.

Visalatchi amepiga simu. Kaka yake na mkewe wanakuja kesho siku ya wazazi, waione karatasi kwa macho yao, kisha waamue kuhusu sinia. Sauti yake ilikuwa laini, karibu ya kuniomba. Akasema nieleze mwenyewe, watanisadiki.

Kwa hiyo hata yeye anautaka uongo. Anauhitaji, ili harusi iwepo. Wote tunautaka, na mtu wa kuusema ni mimi.

Sijala.

Jumamosi, 16 Machi

Saa nane na nusu. Ukumbini. Wazazi wachache wameshafika, wanajipepea kwa ratiba.

Kayal alikuwa wa kwanza, saa nane kasoro. Alileta karatasi nyingine, imekunjwa ndani ya daftari la hesabu. Ng'ombe dume, nundu, pembe zimetiwa rangi ya samawati. "Babu wa babu yangu alikuwa mkulima wa mpunga." Bibi alimwambia aandike, akakaa naye mpaka akamaliza. Mchoro mzuri, mzuri kuliko ile ngoma.

"Anti, nibandike ipi?"

Nikamuuliza yeye anataka ipi. Swali la woga, lenye sura ya heshima.

Akafikiri. Akasema anataka dada yake aolewe. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Lakini huyu ng'ombe sikumuuliza mtu. Nimemnakili kwenye kopo la maziwa."

Nimeibandua ngoma. Ya ng'ombe sijaibandika. Katikati ya ukuta pamebaki matundu manne, na karatasi zote mbili ziko chini ya daftari hili.

Poongu ameingia na Bibi Sellamma. Wamekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Bibi amevaa sari yake ya sherehe. Hajanitazama.

Saa nane na dakika arobaini. Wamefika. Wanavua viatu ngazini. Kaka yake Visalatchi ni mtu mdogo, mpole, ameshika kifua anapopanda. Mkewe ametangulia. Visalatchi amewaletea viti mbele, wao hawajakaa, wanautazama ukuta, mpunga kwa mpunga, tembo, visima vyangu viwili. Wamefika kwenye matundu.

Na watoto, wakingoja, wameanza. Ilango kwanza, kwa vidole juu ya meza. Kisha wa tembo. Kisha wote. Ule mdundo. Wanaujua barabara sasa, hawakosei hata mara moja. Wazee watatu kwenye viti wamegeuka. Mmoja wao mguu wake unafuata, halafu ameushika kwa mkono.

Mke wa kaka yake ameuliza nani aliwafundisha watoto hii. Ameuliza kwa utulivu, si mimi, ameuliza ukumbi.

Visalatchi amesema, "Tilaga atatueleza."

Nimewaambia nimalize kwanza mahudhurio. Wanadhani haya ninayoandika ndiyo mahudhurio. Ilango, yupo. Kayalvizhi, yupo. Watoto wameacha kupiga. Feni ile moja inasikika.

Niliwafundisha kwamba mtu akitaka kujibu ainue mkono asubiri aitwe. Kayal ameinua mkono. Hawatazami wageni. Ananitazama mimi, mkono juu, ameunyoosha sawasawa, na ameanza kuushikilia kwa ule mwingine maana umechoka. Naweka kalamu chini.