Msalaba Usio na Jina pale Itendele

Jumanne, 2 Julai 2024
Baridi! Upepo wa huku hauna adabu, unaingia hadi mifupani. Wageni kumi na mmoja, wanachuo wa ualimu. Nimewazungusha abasia nzima, makao yote ya watawa. Wamependa matofali yenye alama za vidole: kila kijiji kilichofyatua kiliweka alama yake, watu wa Mwimbi vidole vitatu. Wamependa zaidi saa ya jua. Ilitengenezwa Ulaya, na huku kwetu kivuli chake kinarudi nyuma! Bruda Eligius, aliyeileta, alikataa kuing'oa. Alisema inamfundisha unyenyekevu. Walicheka hadi machozi.
Makaburini sikusimama. Huwa sisimami.
Kesho Flavian anaanza kutembeza wageni peke yake. Mdogo wangu! Miaka mitatu bila kazi, sasa ana kitambulisho shingoni. Padri Timoth amemkubali kwa kuniamini mimi. Nimemwazima daftari langu. Miaka tisa ya kuwauliza wazee imo mle.

Ijumaa, 5 Julai
Tulikuwa tunamenya viazi, Flavian akauliza: ukurasa wa mwisho wa daftari nimeandika "hii hapana", hapana nini?
Nikamwambia. Kwa nini nikamwambia? Kwa sababu ni mdogo wangu. Kwa sababu imenilemea miaka minne.
Mwaka 1963 Bibi Leonia, mzee wetu wa Malangali, alikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Leonardi, anafua nguo za watawa. Mtoto wao wa kwanza alifia njiani, siku ileile waliyokuwa wanampeleka kubatizwa. Katekista akagoma: hana ubatizo, hazikwi kwenye uwanja uliobarikiwa, azikwe porini. Bruda Eligius hakubishana. Kulipopambazuka alichimba mwenyewe katikati ya makaburi ya watawa, akasimika msalaba usio na jina. Waliouliza aliwaambia ni mtawa aliyefia safarini. Mtawa mzima, kaburi la urefu wa mkono!
Tangu hapo, kila Novemba, Bibi anakuja na mshumaa. Anapiga magoti kwenye kaburi la jirani ili asijulikane. Leonardi alishafariki. Mtu aliyeambiwa ni mimi tu, miaka minne iliyopita.
Flavian aliweka kisu chini. Akauliza kama hadithi hii itakufa na mimi. Nikasema ndiyo. "Sawa, Dada." Akaendelea kumenya.

Jumatano, 10 Julai
Nimeingia dukani kwa Jasmin, Katandala, kununua sabuni. Akanionyesha video kwenye simu. "Huyu si mdogo wako?"
Flavian. Makaburini. Mguu mmoja juu ya ukingo wa kaburi.
"Karibuni kwenye kaburi la siri la Itendele! Binti mfua nguo, mtoto mchanga, na bruda aliyechimba kaburi kwa kujificha. Baba wa mtoto ni nani? Njooni mjionee!" Halafu anakonyeza jicho.
Anakonyeza jicho!
Watu elfu nne wameshaitazama. Jina hakutaja. Alitaje ya nini? Kati ya wafua nguo wa wakati ule amebaki hai mmoja tu.
Nikampigia. Anasema wageni wameongezeka. Anasema mtoto alikufa zamani, nani anaumia? Nikamwambia Bibi Leonia alikuwa na ndoa yake, mtoto alikuwa na baba yake. "Dada, mimi sijasema. Nimeuliza tu."
Nimeuliza tu. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi!
Padri Timoth alidhani ni chumvi ya kunogesha safari. Nilipomweleza, akashika kichwa. Amemwamuru aifute. Imefutwa jioni, lakini Jasmin anasema iko tayari kwenye magrupu ya wasapu.

Alhamisi, 11 Julai
Sikwenda kazini. Wala kwa Bibi, Malangali, sikuingia. Nilifika hadi kona ya nyumba yake nikarudi. Mwoga.

Jumamosi, 13 Julai
Naandika nikiwa chumba cha tiketi.
Saa nne gari la Muhidin, la kukodi, limesimama getini. Bibi Leonia kashuka, kitenge kipya, fimbo. Nikapiga magoti. "Shikamoo Bibi." Akaitika, akanishika mkono.
"Mwanangu, yanayosemwa yamenifikia. Siku ile nilipokueleza, kuna mtu alijibanza akasikia. Twende. Nishike nisianguke."
Nilimwacha aamini hivyo. Mungu anisamehe, nilimshika tu.
Flavian alikuwa makaburini na wageni. Bibi hamjui hata kwa sura. Alipita katikati yao, akaliacha kaburi la jirani. Kwa mara ya kwanza akapiga magoti pale penyewe. Akafuta vumbi msalabani kwa ncha ya kitenge.
"Huyu tulikuwa tunakwenda kumwita Yonas," akawaambia wageni. "Baba yake ni Leonardi, mume wangu. Bruda alitusitiri. Basi."
Mama mmoja mgeni akaanza kulia.
Bibi akamgeukia Flavian. "Na wewe, kijana, nani alikwambia?"
Nilimtazama Flavian. Nilimwomba kwa macho. Angeweza kusema lolote!
"Dada Adela. Huyu hapa."
Bibi alikuwa bado kanishika. Hakunipiga, hakunilaani. Alifungua vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayefungua fundo, akauondoa mkono wake.
"Adela," akasema. Sauti ndogo.
Sasa amekaa kwenye benchi nje ya dirisha hili. Nimempelekea chai, hajaigusa. Nilisema nisamehe, akatazama shamba la ngano. Muhidin amegeuza gari. Bibi anajaribu kusimama. Nimeinuka — lakini anaita, na si mimi anayemwita. Anamwita Flavian. "Wewe kijana, njoo unishike."
Flavian amesimama. Ananitazama dirishani, anangoja nimwambie afanye nini, na mimi nimemwashiria: nenda, umshike.