Asubuhi Tuliyoondoa Mabati

Baba yangu,

Nimeolewa. Najua ungetaka nianze na habari hiyo. Tuliisogeza mbele arusi kwa ajili yako, kisha tukaifanya bila muziki, na nilipotoka kanisani nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka picha zote zikaharibika. Nampenda Gwamaka, Baba. Nampenda asubuhi akiwa hajanawa uso. Nampenda akirudi shambani Kisondela, tope hadi magotini, ananiletea parachichi moja kana kwamba ni ua. Halafu furaha ikinijaa kabisa nageuka nikuambie, nawe hupo.

Nakuandikia kuhusu mashine yako ya kuchonga mbao.

Uliniahidi kichwa cha kitanda. Mchoro ulikuwa tayari kwenye kompyuta pale sebuleni kwenu Makandana: majani ya chai na ndege wawili. Nilikuuliza kwa nini ndege mmoja ana tumbo kubwa, ukasema, "Huyo ni mume. Kwako hatalala njaa." Ukatutoka kabla hujauchonga.

Gwamaka akasema tumalizie. Alishakuona ukifanya, akadhani inatosha. Unajua mashine inavyopokea maelekezo ya kompyuta kwa waifai, kidogo kidogo, kutoka sebuleni hadi karakana kule nyuma ya migomba. Enzi zako haikuwahi kusumbua. Kwetu ilichonga jani moja, mtandao ukakatika, kisu kikabaki kinazunguka palepale hadi ubao ukaungua. Ubao wa mkangazi uliokausha mwenyewe, Baba. Harufu yake ilikaa kwenye nguo zangu nikashindwa kuzifua.

Tulizima tukawasha. Tulibadilisha neno la siri, tukapandisha ruta juu ya kabati, ubao mwingine ukaungua. Tuliihamishia kompyuta karakana, lakini mota ya mashine ikiwaka umeme unapungua na kompyuta inazimika. Ukabaki ubao mmoja tu. Mama akauchukua, akauweka chumbani kwake, akasema huo usiguswe mpaka tujue tunachofanya.

Ndipo Gwamaka akashika simu na kutembea nayo kutoka sebuleni, akiangalia nguvu ya mtandao. Alipofika katikati ya migomba akasimama. Akarudi nyuma, akaenda tena, akasimama palepale. Siku zilizofuata alihangaika na nyaya, akaigeuza ile antena ndogo huku na huku, nami nikaona mume wangu anajifanya hajui. Nilipombana njiani tukienda sokoni, akainamisha kichwa. "Ni mabati ya Baba," akasema. "Mimi mkwe, tena mgeni. Ningeanzia wapi?"

Ndiyo, Baba. Uko pale ulipoomba tukulaze, kati ya nyumba na karakana. Na Shangazi Tusajigwe, dada yako, alileta mabati mapya akakujengea paa juu ya udongo wa kaburi, yakashuka mpaka ubavuni, mvua isikubomoe kabla hatujajenga kwa saruji. Mvua yetu unaijua. Mabati hayo ndiyo yanayozuia mtandao.

Nilimwambia Shangazi mimi mwenyewe. Nikamwomba tufunike kwa turubai kwa muda tu, maana turubai halizuii. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Kaka yangu si gunia la viazi."

Akaondoka, akaacha kuja kwetu. Mama alimpelekea maziwa, yakarudi. Nikamwambia Gwamaka basi, sitaki kitanda kitakachonikosesha Shangazi, na kweli sikukitaka tena.

Asubuhi moja tukamwona Shangazi anaingia, mwavuli mkononi na kigoda kwapani. Hakutaka chai. Akamwambia Gwamaka, "Mkwe, toa hayo mabati. Nitakaa naye mpaka mmalize."

Mama akautoa chumbani ule ubao wa mwisho. Tukayatoa mabati, nami nikakuona. Huku kwetu hata nguzo ya uzio inachipua, lakini kwako hapakuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa mkavu, umepauka, umezama katikati. Miezi yote hii nilikuwa napita pembeni ya yale mabati kama mtu anayepita mlangoni kwako ukiwa umelala. Sasa hakukuwa na mlango. Umekwenda kweli, Baba.

Mvua ilianza mashine ikiwa kwenye majani ya kwanza. Kupitia dirisha la karakana nilimwona Shangazi anausogeza mwavuli kutoka kichwani kwake, anauweka upande wa kichwa chako. Khanga ikamlowa yote. Alikuwa anaongea nawe Kinyakyusa, mara anakugombeza, mara ananyamaza kama anayejibiwa. Sikumkaribia. Gwamaka hakuondoa mkono kwenye swichi hata mara moja, na mtandao haukukatika. Ndege wakatokea, wa kwanza, kisha yule mwenye tumbo. Nilimshika mume wangu kiunoni nikalilia mgongoni kwake, na sijui hadi leo nilikuwa nalia nini zaidi.

Tulipomaliza tuliyarudisha mabati mvua ikinyesha. Shangazi aligongelea misumari mwenyewe, hakutaka msaada. Kichwa cha kitanda kiko kwetu Kisondela. Mashine haipati mtandao tena, na wala hatuutafuti. Itanyamaza mpaka udongo wako utulie, tukujengee kwa saruji na mabati yaondoke.

Lala, Baba yangu. Unyevu wa huku unakula chuma haraka, kwa hiyo kila Jumamosi nitapanda kuja kuzipaka mafuta reli za mashine yako, na nitapitia kwako kwanza. Nakuahidi haitashika kutu mikononi mwangu.

Mwanao akupendaye,
Atupele