Bosi Kashindwa Kumtuliza Mteja

Mwenzangu, acha chochote unachofanya. Bosi kafeli mtihani na ofisi nzima tumesikia.

Unaikumbuka ile digrii yake ya mtandaoni? Aliyotutambia kwamba hakuna kungoja muhula uishe, ukionyesha kazi unaiweza unapita, na yeye ataimaliza chapuchapu kwa sababu kazeekea kwenye huduma kwa wateja?

Leo kajifungia kwenye chumba cha mikutano, kasahau kupunguza spika. Mtihani wenyewe: mwalimu anajifanya mteja mwenye hasira, yeye amtulize. Basi. Kumtuliza tu.

Mwalimu kalalamika kidogo, bosi kapandwa na hasira: "Usinipandishie sauti. Unajua unaongea na nani?"

Kamuuliza mwalimu, mwenzangu. Mwalimu wake.

Yule mwalimu kajibu taratibu: "Naongea na mwanafunzi ambaye hili bado hajaliweza."

"Mimi nina miaka mingi kazini."

"Hapa hatupimi miaka, tunapima unachoweza. Kafanye mazoezi, urudie ukiwa tayari."

Katoka kanywea, akaja moja kwa moja mezani kwangu. Ananiomba nijifanye mteja mwenye hasira, apate kufanya mazoezi.

Nimekubali. Nimemwambia tu kwamba sitahitaji kujifanya.