Baiskeli Kwenye Bega

Ganshoren, le 9 février 1992

Bienaimé, mutoto wa dada yangu,

Hapa Bruxelles mashindano ya baiskeli kwenye matope hayaanzi kama tonton yako hajafika. Tangu octobre nimekimbia kila dimanche, siku ya misa, na wazungu wananipigia kengele za kunishangilia.

Bon. Sasa nasikia ile foto niliyokutumia uliionyesha wakwe zako! Na baba ya muchumba wako Jémima akacheka: «Muntu wa Ulaya anabeba baiskeli kama mbuzi mugonjwa! Huyu ndiye atasemea jamaa siku ya mahari?» Na wewe ukanyamaza? Mushenzi! Mimi niliyekubeba mugongoni kwenda masomo!

Waambie huku ndiyo sheria. Kwenye mulima wa matope kila mukimbiaji anashuka, anatia baiskeli kwenye bega, anakimbia. Hata champion! Siku ya mahari nitasema mimi, ao usinitafute tena.

Donc, ile foto uifiche. Baba ya Jémima akiiangalia muzuri, ataona njia ni tambarare na wenzangu wote wamepanda baiskeli zao. Mimi nikishuka, kupanda tena sijaweza bado, mpaka bibi yangu wa ndoa, Cécile, anishikilie kiti.

Tonton yako,
Josias