Changarawe za Mto wa Zamani

Mgodini, 4 Juni

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo limeshasema halitaki tena mambo ya ujana. Mama yako anaendeleaje? Kifua bado kinambana?

Huku kimya. Mitambo ya kuoshea mchanga imeota kutu, mabweni yamebaki kuta, na mbuzi wa watu wanalala kwenye ofisi ya meneja. Wanaitunza kuliko yeye.

Ila kuna habari. Kampuni moja imeleta mtaalamu wa miamba na vibarua wachache, mimi wamenipa ulinzi. Kila jiwe analigonga, kwa hiyo tunamwita Bwana Nyundo. Anasema zamani mto haukupita hapa ulipo. Ulipita chini ya kilima, ukajifukia kwa changarawe na udongo, na dhahabu ikatuama chini kabisa, juu ya mwamba. Wanachimba mashimo ya kupima kuifuata njia hiyo. Na njia hiyo, mwanangu, inapita pale pale ukingo ulipomfukia mdogo wako miaka ile, tusimpate. Nilimwonyesha, akavua kofia. "Mzee, hapa tutachimba polepole," akasema.

Najua mnaniita. Nipeni muda kidogo. Sitaki kumrudia mama yako mikono mitupu.

Baba yako

19 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Mama hali yake si nzuri. Daktari ameturuhusu kutoka hospitali, amesema tukamuuguze tu nyumbani. Unaelewa maana yake. Nimemsogezea kitanda dirishani awasikie mafundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara wakigombana. Anapenda. Juzi aliamua kesi yao kutoka kitandani.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye habari ya mdogo wangu, akasema, "Mwambie baba yako, yule hana haraka. Mwenye haraka ni mimi."

Simu huko haishiki, ndiyo maana nakuandikia na kumbembeleza dereva wa lori afikishe. Njoo, Baba. Mume wangu atakupokea stendi.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilifunga begi, nikaenda kuaga. Nikawakuta wameshuka hadi kwenye zile changarawe nyeusi za chini, na kibarua mmoja ameshika buti. Ningeondokaje?

Tuliacha sururu, tukachimba kwa mikono. Mdogo wako alikuwa amekaa, mgongo kwenye mwamba, mkono juu ya kichwa. Nilimjua kwa jino la mbele, lile alilovunja akifungua soda, mama yako akamfukuza na kandambili huku anacheka.

Bwana Nyundo amesimamisha kazi. Polisi lazima waje waone kabla hatujamtoa, tunawangoja. Nimekaa naye chini ya turubai.

Mwambie mama yako nimempata. Mwambie sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma. Tunakuja wote wawili.

Baba yako

3 Julai

Baba,

Salamu zimenishinda. Mama ametuacha jana mchana.

Tangu asubuhi aliuliza kama lori limefika. Mume wangu alikwenda stendi, akarudi peke yake, akaenda tena. Mwishowe nikamdanganya. Nikamwambia umefika, uko nje unanawa miguu. Akasema, "Mwambie asiniingizie matope." Akafumba macho.

Tunazika leo, hatuwezi kungoja. Nilitaka kukuandikia kwamba sina kinyongo. Ninacho, Baba. Nimekaa na kalamu hapa nakitafutia neno laini, sipati.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ilikukuta umeshazika, najua, na yako nilipewa nikiwa bado natabasamu. Dereva akaniuliza, "Mzee, kwema?"

Niliamini mama yako ataningoja. Maisha yake yote alikuwa ananingoja, nikadhani ndivyo alivyoumbwa.

Polisi wamemaliza. Bwana Nyundo amemtengenezea mdogo wako sanduku kwa mbao za mitambo, akalipiga randa mwenyewe. Barua hii inatangulia, mimi nafuata na lori la magogo, linakwenda taratibu. Muulize mchimba kaburi kama ubavuni mwa mama yako pana nafasi. Mtoto alikuwa mwembamba.

Usimtume mumeo stendi. Ukiweza, njoo wewe. Ukishindwa, nitauliza njia ya makaburini.

Baba yako

Stendi, 12 Julai

Baba,

Nakuachia karatasi hii kwa muuza tikiti, maana leo lori lako halikufika, na mwanangu wa mgongoni ameanza kulia.

Nafasi ipo. Mchimba kaburi aliniuliza urefu wa mdogo wangu, nikashindwa kusema, nikamwonyesha kwa mkono, hapa begani kwangu. Kumbe alikuwa bado anakua.

Usiulize njia kwa mtu. Kaeni hapa kwenye benchi, wewe na yeye. Asubuhi nakuja kuwachukua.

Mwanao