Samaki ya Papa Tshala Anauma

Papa Tshala na batoto,

Bukari ya kukula iko mu sufuria. Hata muntu moja asitie mukono mu akwariyumu, ile samaki anauma. Ninaandika na mukono ya kushoto, naenda ku dispansere banishone kidole.

Papa Tshala, uliniambia iko mupole, akwariyumu kadogo kando ya televizyo itamutosha. Mimi niliamini, kila siku ya posho, mwisho wa juma, naosha vioo. Leo asubui, damu ikitoka, Tshala akalia: «Mama, papa alitukataza kukuambia. Muuzaji alisema iko mukali, anaomba maji mara ine ya hii.» Kumbe bote mulijua. Hata Kabwe, kadogo wenu, mwenye hawezi kuficha sukari yenye ameiba, hii aliificha.

~~Mumupike na nyanya.~~

Hapana, musimupike. Kosa haiko yake, amebanwa. Mutoe mihogo yenye ninaloweka mu pipa yangu kubwa, muisafishe, muijaze maji, mumutie mule. Mumuhamishe na ndoo, hapana na mikono.

Najua sababu mulinificha: muliogopa nitawanyima pipa. Mungeniomba tu, ningewapa siku ya kwanza.

Mama yenu, wa mwisho kujua