Farasi Ambaye Hakuambiwa

Semonkong, Lesotho
Tarehe 3 Oktoba, 1994

Mpendwa mpwa wangu Molefi,

Salamu zikufikie huko chini ya ardhi mnakochimba dhahabu ya watu. Hujambo? Kifua kinapumua? Sisi tu wazima, ila baridi inatutafuna mpaka mbuzi wanapiga chafya. Mimi bado kijana mzuri, meno tu ndiyo yamehama. Kalamu naijua kwa macho, kwa hiyo anaandika jirani yetu Limpho.

Nasikia huko migodini wanasimulia habari za farasi wa baba yako. Wote wanakosea! Huyu anasema farasi mchawi, yule anasema ana wazimu. Nisikilize mimi niliyeshika hatamu.

Baba yako Tšoloane alikuwa bingwa, si wa kubahatisha. Mwepesi kama kuku wa maskini. Wapinzani wakimwona anafunga blanketi tayari kwa mbio, wanaanza kuagana. Nilimfundisha mimi, ingawa alikufa anabisha. Miaka ya mwisho hakupanda farasi mwingine ila Phefo, yule jike wa kijivu.

Mwezi wa saba kifua kikamchukua, theluji ikafunga njia, ukashindwa kuja. Kosa likaanzia hapo. Mwenyewe unajua: bwana akifa, mzaliwa wake wa kwanza huingia zizini kabla ya maziko, akamnong'oneza farasi kwamba bwana wake hayupo tena. Dada yako Nthati alitaka kwenda yeye. Wazee wakamkatalia, "Wewe ni wa pili. Tutamngoja Molefi." Tukazika, tukala nyama, tukasahau. Phefo hajaambiwa mpaka leo.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita Nthati kampanda kwenye mbio. Nikamtania, "Binti, ukishindwa utalala zizini!" Akacheka. Lakini Phefo hakusogea. Aligeuza shingo, anangoja, kama alivyokuwa akimngoja baba yako. Halafu tandiko likabonyea nyuma ya Nthati, ngozi ikalia. Ndipo akaondoka.

Kona ya mwisho tukasikia mluzi wa baba yako, ule aliokuwa akimhimiza nao Phefo. Phefo akawaacha wenzake kama wamefungwa kamba.

Alishinda, ila hakusimama. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa baba yako, akatulia kama anangoja mtu ashuke. Nthati akaruka chini, akanijia.

"Mjomba, kuna mikono imenishika kiuno."

"Ni blanketi hilo, mwanangu."

"Blanketi lina vidole, Mjomba?"

Nikatazama tandiko. Nthati yuko chini, nalo bado limebonyea.

Tangu siku hiyo Nthati hali chakula, hapati joto hata akiukumbatia moto. Kila asubuhi anapanda Phefo bila kuitwa na mtu. Anakaa mbele kabisa, nyuma ameacha nafasi. Na kila siku anarudi amechelewa zaidi.

Njoo, Molefi. Usingoje Krismasi. Njoo umwambie Phefo, dada yako aachiwe.

Mama yako anakusalimu, na shangazi Lineo, na babu Lebusa, ambaye hasikii lakini anasema amesikia. Mungu na wazee waliotangulia wakufungulie njia.

Hapa Limpho ameweka kalamu chini. Hataki kuandika jina langu mpaka nikiri, maana naye alikuwepo mbioni na hakusikia mluzi wowote. Haya, mluzi nimeutia mimi, kama chumvi. Nimemwuliza, "Na tandiko je?" Ameokota kalamu, la tandiko hajalifuta, anaandika jina langu.

Mjomba wako akupendaye,
Ramokoatsi